Krete kutoka Mombasa: Agosti au Septemba, ndege au feri?

MwanaKisauni
Assalaam aleikum. Mimi na mke wangu twataka siku 10 Krete, kisiwa cha Ugiriki. Likizo naweza kuchukua Agosti au mwisho wa Septemba. Twapenda kuogelea, na tungependa kuteremka korongo la Samaria. Mwezi upi? Viza tuanze lini? Na kutoka Athens tupande ndege au feri?

Pwani_Safarini
Waaleikum salaam. Septemba, bila kusita. Agosti Wagiriki wenyewe wako likizo, na tarehe 15 ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria: vyumba hujaa, feri hujaa, bei hupanda. Isitoshe, Julai na Agosti ndio msimu wa meltemi, upepo wa kaskazini unaochafua Bahari ya Aegean kama kusi inavyochafua huku kwetu. Fukwe nyingi zenye hoteli ziko upande wa kaskazini wa Krete, yaani ndiko upepo unakopiga.

Mwisho wa Septemba maji bado yako kwenye nyuzi 24 hivi, kwani bahari hupoa polepole baada ya kiangazi. Mei msiitamani kwa ajili ya jua la kwenye picha: maji huwa nyuzi 19 au 20, na aliyezoea bahari ya Nyali atatetemeka.

Samaria hufunguliwa Mei hadi Oktoba, na hufungwa siku za mvua kubwa kwa hofu ya mafuriko na mawe yanayoporomoka. Ni kilomita 16 hadi Agia Roumeli, kijiji kisichofikiwa na barabara. Mnatoka kwa boti hadi Sougia au Chora Sfakion, kisha basi. Ukikosa boti ya mwisho unalala hapo, kwa hiyo anzeni kuteremka asubuhi na mapema. Viatu vya kufunga, si ndara.

BintiMakadara
Kuhusu viza, ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya: ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini laweza kufika 45. Kinachokwamisha watu wengi ni miadi ya Nairobi, maana kuelekea kiangazi nafasi huisha haraka. Tafuteni ya Juni. Treni ya usiku hufika alfajiri, mnawahi miadi ya asubuhi.

Ada ni Euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata mkinyimwa. Bima ya safari iwe ya Euro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu na miezi 3 ya uhai baada ya siku ya kutoka Ulaya. Ombeni kwa Ugiriki, kwa kuwa ndiko mtakakokaa siku nyingi zaidi.

Kosa kubwa ni kuingiza pesa nyingi kwenye akaunti wiki moja kabla ya ombi. Afisa huangalia mwenendo wa miezi kadhaa, na fedha iliyozuka ghafla huonekana ya kuazima. Tiketi wekeni nafasi tu, msilipe kabla ya viza kutoka.

Kilindini_22
Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, mwaweza kupitia Addis Ababa au Istanbul. Chukueni tiketi moja hadi Heraklion au Chania, miji ya Krete yenye uwanja wa ndege. Mkigawa tiketi mbili, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haiwajibiki. Ukaguzi wa pasipoti hufanyika Athens, kwa hiyo acheni saa 3 kati ya ndege.

Feri za usiku huondoka Piraeus, bandari ya Athens, na kufika Krete alfajiri, safari ya kama saa 9 majini. Treni ya metro inatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Piraeus, kama saa moja. Lipieni chumba cha kulala; kiti cha sitaha usiku kucha kinachosha. Mimi ningekwenda kwa feri na kurudi kwa ndege.

MwanaKisauni
Shukran sana. Na kisiwa cha Santorini kwa siku moja?

Kilindini_22
Kutoka Heraklion kuna feri ya mwendo kasi, kama saa 2. Lakini hizo ndizo huzuiwa kwanza upepo ukizidi, kabla ya meli kubwa. Iwekeni katikati ya safari, kamwe si siku moja kabla ya ndege ya kurudi.