Wanakagua faili, hawakagui tunavyofundisha. Nimechoka na haya mazoezi ya kufundisha!

Wakuu, nina hasira na naandika nikiwa nazo hivyo hivyo. Hii ni wiki ya tano ya mazoezi ya kufundisha. Nalala saa saba usiku, naamka saa kumi na moja, sauti imekauka, na leo nimekaguliwa. Kwa dakika 12. Nilizihesabu.

Sikilizeni ilivyokuwa. Kipindi cha hisabati, mada ni kulinganisha sehemu, watoto 52. Aliyewahi kufundisha sehemu analijua kosa lenyewe: mtoto akiona 1/8 na 1/4 atakwambia 1/8 ndiyo kubwa, kwa sababu 8 inaizidi 4. Wala si mjinga. Miaka yote mmemwambia 8 ni kubwa kuliko 4, leo mnamgeuzia kibao. Basi usiku nimekesha nakata karatasi, kila mtoto apate mbili zinazolingana. Moja aikunje katikati mara mbili, nyingine mara tatu, azikunjue, akate kipande kimoja kimoja, avilaze pamoja juu ya dawati ajionee.

Mkufunzi akaingia, akakaa nyuma, akaomba faili. Andalio la somo, azimio la kazi, nukuu, shajara. Akainama humo, kichwa hakikuinuka tena. Mimi napita kati ya madawati, karatasi zinakunjwa, darasa lina kelele zile za kazi (walimu mnazijua, si za fujo). Kuna kijana wa dawati la mwisho, tangu nifike hajawahi kunyoosha kidole. Akavilaza vipande vyake viwili, akavitazama, akavigeuza upande wa pili kana kwamba vinamdanganya, kisha akasema kama mtu aliyeibiwa: "Mwalimu, kumbe ya nane ndiyo ndogo!" Jirani yake akakataa katakata. Wakaanza kupimiana vipande, wakabishana hadi dawati la mbele yao likageuka.

Hicho ndicho nilichokesha nikikitafuta. Nikageuka kumwangalia mkufunzi. Kiti kitupu.

Fomu aliniachia mezani. Imeandikwa: "Lengo mahususi halipimiki. Usitumie 'aelewe', tumia 'alinganishe'. Ubao haukugawanywa." Basi!

Kuhusu kitenzi hajakosea, tusidanganyane. Tangu Benjamin Bloom, yule mtaalamu wa elimu wa Marekani, na wenzake watoe ngazi zao za malengo ya kujifunza mwaka 1956, kila mwanafunzi wa ualimu hukaririshwa vitenzi hivi, na kweli kuelewa hukuoni kwa macho, kulinganisha unakuona. Lakini huyo mtoto alikuwa ANALINGANISHA, mubashara, hatua tatu kutoka kwenye kiti chake! Yeye akawa anatafuta neno hilo kwenye karatasi yangu.

Na msiniambie chuoni tuliandaliwa. Ufundishaji shirikishi tuliandikishwa kwa imla, naapa. Saa mbili nzima mtu anatusomea slaidi zinazosema mwalimu asisome slaidi. Halafu yale mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe: yalipoanza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963, utaratibu ulikuwa ufundishe dakika chache, uambiwe ulipokosea, kisha UFUNDISHE TENA. Sisi hiyo ya mwisho imefutwa kabisa. Unasimama mara moja mbele ya watu wazima wanaojifanya watoto, unapigiwa makofi, unapewa alama, anaitwa anayefuata. Hao watoto wa kuigiza hawakuulizi kwa nini, hawalii, hawaombi kwenda chooni wanne kwa mpigo.

Mwalimu mwenyeji naye alinipokea vizuri sana. Akanikabidhi chaki na ratiba yake yote, akasema "darasa ni lako, mwanangu." Tangu siku hiyo namwona akija kusaini. Simlaumu sana, kazi imemwelemea na nadhani nilikuwa likizo yake ya kwanza baada ya muda mrefu. Ila mimi nilikuja kujifunza, sikuja kuziba pengo.

Mnataka kujua jambo kubwa nililojifunza wiki hizi tano nilifundishwa na nani? Na simu yangu. Kuna mtafiti aliitwa Mary Budd Rowe, alikwenda madarasani kupima, akakuta walimu wakiuliza swali husubiri sekunde 1 hivi halafu wanaendelea. Wakivumilia hadi 3, majibu yanarefuka na wale wa kimya wanaanza kujitokeza. Nikasoma, nikajiambia mimi nasubiri bwana. Nikarekodi kipindi kizima, usiku nikasikiliza. Aibu! Nauliza, najibu mwenyewe. Nauliza, najibu mwenyewe. Mara 11 kabla sijaacha kuhesabu. Kipindi hicho hicho kwenye faili kinasomeka "maswali na majibu", na kina alama ya vema ya wino mwekundu.

Mtu mmoja tu angekaa nyuma hadi kengele angeniambia hilo wiki ya kwanza.

Najua watakuja wale wa "sisi enzi zetu tuliteseka kuliko nyie". Poleni, wakuu, lakini kuteseka kwenu kulimsaidia mtoto gani kujua 1/8 na 1/4? Na wale wa "kama huwezi acha", sijasema siwezi. Nataka nionwe nikifundisha, hata kama ni kuonwa nikiharibu.

Swali kwa mlioko kazini: yupo humu aliyewahi kukaguliwa kipindi kizima, kengele hadi kengele, halafu mkufunzi akakaa naye wakaongelea watoto badala ya vitenzi? Mlimwombaje? Jibuni mapema, anarudi Alhamisi, na mimi nina maandalio 19 ya kufuta "aelewe".