Tangi la petroli chini ya sitaha limeoza: alumini tena, plastiki, stenlesi, au matangi mekundu?

Nahodha_Mkanda (Lamu)

Assalam aleikum wana bahari. Nina boti ya faiba ya futi 22, ya zamani, iliyoundwa kwa uvuvi wa mshipi kabla haijafika mikononi mwangu. Nyuma ina mashine mbili za Yamaha za farasi 75, na katikati, chini ya sitaha, kuna tangi la alumini la lita 200 lililozikwa ndani ya povu gumu la njano. Tangu kusi ianze, nikifungua kifuniko cha ngama, pale chini kabisa maji ya boti yanapokusanyika, asubuhi nakutana na harufu ya petroli, na maji ya ngama yana utandu unaong'aa. Mipira yote ya mafuta ni mikavu, klipu zimekaza. Basi ni tangi.

Ushauri nimepewa mwingi na haupatani. Mmoja anasema nitoboe sitaha, nichomelee palipovuja. Wa pili, alumini mpya. Wa tatu anaisifia plastiki. Jamaa wa Shela anasema niachane na tangi la chini, niweke matangi mekundu ya kubebeka ya lita 25, yanayokaa juu ya sitaha, kama boti nyingi za hapa. Kazi yangu ni abiria wa Pate na Kizingitini, na kaskazi ikiingia, wageni wa kuvua. Naomba mwenye ujuzi anilinganishie.

FundiFaiba (Malindi)

Waaleikum salam nahodha. Kabla ya kulinganisha chochote, abiria wasipande tena boti hiyo mpaka tangi liwe tupu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapeperuka, unashuka na kulala ngamani, palepale ilipo pampu ya maji na swichi yake. Cheche moja inatosha. Fungua vifuniko vyote, nyonya mafuta kwa pampu ya mkono, na chomoa betri kabla hujaanza, si katikati ya kazi.

Kuchomelea lifute akilini. Tangi lililowahi kubeba petroli hulipuka hata likionekana kavu, kwa sababu mvuke hubaki kwenye pembe na nyuma ya kuta za ndani. Na hata fundi akilisafisha sawasawa, kitobo unachokiona hakiko peke yake. Alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba inayojijenga ikikutana na hewa. Povu kuukuu ni sponji: limenyonya maji ya chumvi miaka mingi, limelikumbatia tangi, na hewa haifiki. Ngozi ile inakufa, vidimbwi vya kutu nyeupe vinachimba kutoka nje kuja ndani. Ukiziba kimoja leo, cha jirani kitafunguka bamvua lijalo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni tangi jipya litakaa juu ya nini. Ukirudisha povu, hata ununue madini ghali kiasi gani, utakata sitaha mara ya pili.

BintiManda

Naunga mkono hilo la abiria, tafadhali usilichukulie kwa wepesi.

Mimi ni mtu wa plastiki. Boti yetu ya familia ina tangi la plastiki nzito, lile linalomiminwa mzima kwenye kalibu, halina mshono. Kutu hailijui, chumvi hailijui. Ila mwenye kulitaka ajue mambo mawili. Kwanza, linavimba. Likishakunywa petroli hukua kama asilimia 2 kila upande, na halirudi. Kwa hiyo shimo lazima liwe na nafasi pande zote, na mikanda ya kulifunga isiwe ya kulibana kama mzigo wa punda. Fundi aliyelikaza kwa mbao pande nne atalikuta limepinda na mdomo wake unavuja.

Pili, linakuja kwa vipimo vya kiwandani. Boti za zamani zina shimo lenye umbo la V kufuata mkuku, yaani uti wa chini wa boti, na tangi la plastiki la sanduku halikai humo ila liwe dogo. Sisi tulipoteza karibu theluthi ya ujazo. Kwetu haikuuma kwa sababu safari zetu ni za Manda na Kipungani. Wewe wa Kizingitini piga hesabu.

Mzee_wa_Faza

Wanangu, haya matangi mekundu msiyadharau. Likitoboka unalitupa, unanunua jingine. Likiingia maji unaliona. Fundi hakati sitaha. Boti ngapi zinapita mkondo wa Mkanda kila siku na matangi hayo hayo?

FundiFaiba (Malindi)

Mzee wangu, shikamoo. Kwa boti ya mashine moja ya farasi 40 inayovusha watu Mokowe, nakubaliana nawe moja kwa moja. Yake ni mashine mbili za 75. Zikifunguliwa mpaka mwisho, kila moja inakula karibu lita 30 kwa saa, au zaidi ikiwa ni zile za kuchanganya oili. Tangi la lita 25 halimalizi saa. Maana yake ni kubadilisha mipira njiani, mawimbi ya kusi yakiwa ubavuni, na matangi manane miguuni mwa abiria, juani, yakivimba na kupumua mvuke. Na lita 200 za petroli ni kilo 150 hivi. Uzito huo ukitoka chini ya sitaha ukaja juu, boti itayumba tofauti na ulivyoizoea.

Moja la akiba, naam. Manane, hapana.

Kasa_wa_Watamu

Na stenlesi je? Mbona hamuitaji? Jikoni na kwenye matusi ya boti inakaa miaka.

FundiFaiba (Malindi)

Matusi yanapata hewa na mvua huyaosha. Stenlesi nayo huishi kwa hewa: iweke mahali pa maji ya chumvi yaliyosimama, italiwa kwenye mishono, kimyakimya, wakati uso bado unang'aa. Ile ya daraja la 304 usiiguse kwa kazi hii. 316 ni bora, lakini bei yake iko juu sana ya alumini na ni nzito karibu mara tatu kwa unene uleule. Sioni anachokipata nahodha kwa pesa hizo.

Kwake yeye nachagua alumini, ya daraja la bahari, 5083 au 5052, unene wa milimita 4. Achomelee fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni. Kuta za ndani ziwekwe ili mafuta yasikimbie omo na tezi, mbele na nyuma. Likalie vipande vya mpira mgumu vilivyogandishwa kwa gundi ya boti, maji yasipate pa kujificha kati ya mpira na bati, na libanwe kwa vyuma vya pembeni. Zulia marufuku, mbao tupu marufuku. Kiungo cha shaba kisigusane na alumini, kwa maana kwenye chumvi shaba huila. Weka cha alumini au stenlesi.

Dizeli_Tu

Kwa wenye injini ya ndani ya dizeli: chuma cheusi kilichopakwa rangi vizuri nje kinatosha. Bati la zinki usitie dizeli, zinki huchanganyika nayo na kuziba filta.

Nahodha_Mkanda (Lamu)

Allah awalipe kheri. Mafuta nimeyatoa, betri iko nyumbani. Nimeamua alumini, litengenezwe Mombasa. Nitapunguza mpaka lita 170 ili nipate nafasi ya vidole vitatu pande zote hewa ipite, na tangi moja jekundu litakuwa la akiba. Nipime vipi kabla sijatuma vipimo?

BintiManda

Usipime tangi lililooza, limeshapinda. Toa povu lote kwanza, safisha mpaka faiba, kisha ukate katoni zikae shimoni zenyewe. Katoni ndizo utakazompelekea fundi.

FundiFaiba (Malindi)

Sawasawa kabisa. Mwandikie pia: mdomo wa kujazia wa milimita 38, bomba la kupumulia la 16, na waya wa ardhi kutoka kifuniko cha chuma cha sitaha hadi tangini, kwa sababu mpira wa katikati haupitishi umeme na cheche ya kujazia huzaliwa hapo. Ukinunua geji ya mafuta, kipimo chake cha ukinzani wa umeme (omu) kilingane na cha boya lililo tangini: toka tupu hadi limejaa, za Marekani ni omu 240 hadi 33, za Ulaya 10 hadi 180. Ukichanganya, itasoma tupu wakati limejaa.

Likifika, usifunge sitaha. Lijaribu kwa upepo usiozidi bar 0.2, paka povu la sabuni kila mshono, na liache usiku kucha.