Rikoda ya CD inakubali kanda, minidisc inakataa. Waya au nini?

mwana_wete: Asalaam aleikum. Ami yangu zamani alikuja na rikoda ya CD kutoka Maskati, ile ya kuweka na redio kubwa si ya komputa, ilikuwa kabatini tu, saivi nimeitoa maana bibi anataka zile maulidi za marehemu babu kwenye CD. Nyengine zimo kwenye kanda, nyengine ami alizikopi kwenye minidisc, vile visahani vidogo vya kurikodia, kutoka CD ambazo zishapotea. Kwanza nilinunua CD tupu hapa Chake, kila nikitia inazitema, mpaka mtu akanambia nitafute zilizoandikwa Music, nikaletewa kutoka Unguja. Sasa kanda kwa waya mwekundu na mweupe inarikodi vizuri, minidisc nikiunga kwa ule waya wa optiko unaowaka taa nyekundu inagoma kabisa. Nshabadilisha waya, wapi.

fundi_darajani: Waaleikum salaam. Yakhe rikoda nzima hiyo. Hicho ni kizuizi cha kukopi kinaitwa SCMS, kimetiwa kwenye mashine za nyumbani tokea enzi za DAT, zile kanda za dijitali, wenye muziki waliogopa watu wasikopi dijitali kwa dijitali sauti ikabaki ile ile, Marekani wakaitungia sheria kabisa 1992. Ukikopi asili mara moja inakubali, ila ile kopi inapigwa alama, ukitaka kopi ya kopi ndo inakataa. Minidisc ya ami yako yenyewe ni kopi. Na hizo CD za Music mambo yale yale, CD ni ile ile ila ina alama ambayo rikoda inaitafuta.
Toa sauti kwa tundu la hedifoni la minidisc uingie kwa nyekundu na nyeupe kama ulivyofanya kanda, alama haipiti huko. Utapoteza kidogo sana, sikio la bibi halitoijua. Lakini levo iangalie, mita isigonge 0, kanda ilikuwa inasamehe, dijitali ikipasuka imepasuka.

bibie_mtoni: Na ufinalaizi, yaani uifunge CD ukimaliza ili deki nyengine ziisome! Miye nilimrikodia mama kasida, kwenye rikoda inapiga, kwenye deki ya sebuleni haisomi, kumbe sijafinalaizi. Ukishafinalaizi CD-R huongezi tena kitu. Halafu kanda ya 90 haiingii kwenye CD ya dakika 80, mie nilijua pale upande wa pili ulipokatika katikati ya dua 😅 Na omba umeme usikatike hapo inapomalizia.

kijana_mkoani: Mnajisumbua nyie. Ungia komputa kwenye laini in, tundu la kuingizia sauti, programu ya kurikodi Audacity ni ya bure, rikodi WAV 44100 biti 16 ndo kipimo cha CD, kisha choma kwenye zile zile za Chake ulizozitupa, komputa haichagui. Na utie kwenye flashi mbili, kwa joto na unyevu wa kwetu huku CD usiitegemee peke yake.

fundi_darajani: Kasema kweli, ila komputa nyengine laini in hiyo ina mvumo kama jenereta, ajaribu kwanza dakika moja asikilize.

mwana_wete: Sijazitupa, zimo bado 😂 Nimefanya ya hedifoni jana usiku, imekubali mara moja, nikafinalaizi, deki inasoma. Ya komputa nitafanya wikiendi inshaallah. Kuna pahala babu anakohoa sana kabla ya kiyamu nikamwambia bibi nitapaondoa, kaninyang'anya rimoti.