Mama na mama mdogo wamepishana miaka 4 tu, mbona mdogo ndo anaonekana bibi?

mtoto_wa_muheza:
Wakuu habari zenu, hili jambo linanisumbua toka msiba wa babu. Mama ana 58, mweusi tii, maisha yake yote ni shamba la machungwa na jua ndo hilo hilo. Mdogo wake ana 54, yuko Dar, kazi ya ofisini, mweupe. Sasa pale msibani watu wanamwamkia yeye kwanza wakijua ndo dada mkubwa! Mashavu yamemlegea, chini ya macho kuna madoa kama masizi, maungio ya vidole meusi. Nilimwona anajifunika khanga mpaka kwenye pua, roho iliniuma. Ni rangi tu au?

kliniki_ya_ngozi:
Pole na msiba. Rangi inachangia, melanini (ile rangi nyeusi ya ngozi) ni mwavuli wa jua, ndo maana kwa mtu mweusi mikunjo inachelewa. Angalia mwenye ualbino anayelima bila kofia, ngozi inachakaa angali kijana na saratani inamuwahi, hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni ya jua kwa ajili yao. Ila hivyo vidole vyeusi mara nyingi ni mkorogo. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi inayowekwa humo, inazuia melanini isitengenezwe, yaani unauchana mwavuli wako mwenyewe, ukipaka miaka na miaka inaacha madoa ya bluu-nyeusi mashavuni, na krimu za steroidi zinaikondesha ngozi.

dereva_wa_tunduma:
Weusi nao usitudanganye jamani. Naendesha semi miaka 19, mkono wa kulia unaokaa dirishani umekauka kama gome la mwembe, wa kushoto laini. Kuna dereva mzungu wa Marekani, miaka 69, picha yake ilitoka jarida la madaktari 2012, kaendesha miaka 28 na uso umekunjamana zaidi upande wa kushoto, maana usukani wao uko kushoto na kioo kinapitisha ile miale inayozeesha. Na sigara je? Mimi nimeacha.

mtoto_wa_muheza:
Nimempigia mama mdogo jana usiku, akalia. Kumbe alianza mkorogo mwaka alioolewa, mumewe anapenda weupe. Anauliza akiacha leo atarudi alivyokuwa?

kliniki_ya_ngozi:
Yote hayatarudi, sitamdanganya. Ila asikatishe ghafla, kama kuna steroidi uso utawaka moto na kuvimba. Amwone daktari wa ngozi ampunguzie taratibu, na aende na vikopo vyote, hata vile visivyo na lebo.