Mchezo wa kukisia namba kwa Python: nikipatia, hausimami

mwanagenzi_py
Wakuu, naombeni msaada. Mchezo unachagua namba kati ya 1 na 20, mchezaji ana nafasi 6. Hata nikiandika namba yenyewe, sipati alama wala mchezo hausimami. Nilipozungushia `int()` kwenye `input()`, ikaanza kuleta UnboundLocalError.

```python
import random
alama = 0

def kisia(siri):
    jibu = input("Namba: ")
    if jibu == siri:
        alama += 1
        return True

siri = random.randint(1, 20)
for zamu in range(6):
    kisia(siri)
print(alama)
```

kasa_wa_pwani
Mkuu, `int()` haijaharibu kitu, iache hapo hapo. Kosa la kwanza lilikuwa limelificha la pili. `input()` hurudisha maandishi siku zote, na kwa Python `"7" == 7` ni False, bila onyo lolote. Kwa hiyo mstari wa `alama += 1` ulikuwa haufikiwi kabisa. Sasa unafikiwa, na tatizo lake limejitokeza: kigeu kikipewa thamani popote ndani ya fanksheni, Python hukihesabu kuwa cha humo ndani, kuanzia mstari wake wa kwanza. `+=` inataka kusoma thamani ya zamani kabla ya kuongeza, na humo ndani haipo. Ile `alama = 0` ya juu haiangaliwi.

Halafu kuna hili: True inarudi, lakini hakuna anayeipokea, ndiyo maana lupu inaendelea. Iachie fanksheni kazi moja tu:

```python
def kisia(siri):
    return int(input("Namba: ")) == siri

for zamu in range(6):
    if kisia(siri):
        alama += 1
        break
```

mwanagenzi_py
Imekubali, asante sana mkuu! Ila nikiandika "saba" kwa herufi, inakufa.

fundi_kodi
Hiyo ni ValueError kutoka `int()`. Tenga usomaji:

```python
def soma_namba():
    while True:
        try:
            return int(input("Namba: "))
        except ValueError:
            print("Andika tarakimu tu.")
```

Kisha ndani ya `kisia` weka `return soma_namba() == siri`. Mabano usiyasahau: ukiandika `soma_namba == siri`, unalinganisha fanksheni yenyewe na namba. Mchezaji hataulizwa chochote, jibu litakuwa False zamu zote 6, na hutaona ujumbe wowote wa kosa.

Tena, usiandike `kisia = kisia(siri)` kwenye lupu. Zamu ya kwanza itapita, ya pili utaambiwa `'bool' object is not callable`, maana jina hilo sasa limeshika True au False, si fanksheni tena.