Nyama ya ng'ombe wa majani na ya ng'ombe wa nafaka, kuna tofauti kweli au tunapigwa?

mama_kijichi:
Wakuu habari za saa hizi. Kuna supamaketi huku Masaki wanauza nyama imefungwa kwenye trei, ina stika kwamba ng'ombe kala majani tu maisha yake yote, bei karibu mara mbili ya buchani kwetu Kijichi. Pembeni yake kuna nyingine ya aliyenenepeshwa kwa nafaka, ile yenye mafuta meupe yamejichora ndani ya nyama, nayo bei si ya kitoto. Mume wangu ana presha kaambiwa apunguze mafuta, shoga yangu ananiambia chukua ya majani ni dawa kabisa, tena eti haichafui mazingira. Naombeni mnaojua, kweli au maneno ya biashara?

Kisu_Kikali:
Dada tunza hela yako. Ng'ombe wengi wanaoshuka mnada wa Pugu wanatoka bara huko, Shinyanga, Singida, Dodoma, wamekula majani na mabua toka wanazaliwa, nani atampa zebu, hawa ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu, mahindi wakati unga wenyewe watu tunaulalamikia? Stika buchani kwako haipo kwa sababu hakuna aliyewahi kuona hilo ni jambo la kuandika. Ukitaka kujua angalia mafuta, yakiwa na unjanounjano huyo kala majani mabichi, ile rangi ni karotini.

bwana_mifugo:
Mkuu kasema kweli ila sio wote. Kanda ya Ziwa kuna wanaonenepesha miezi kadhaa kwa mashudu ya pamba, pumba na molasi kabla ya kuwapakia kwenye lori. Na hata Marekani huyo wa nafaka anazaliwa malishoni, anakula majani kwanza, mahindi anakutana nayo miezi minne mpaka sita ya mwisho hivi. Kwa hiyo protini, madini ya chuma, zinki, vitamini B12 hazipishani sana. Wa majani anakuwa na mafuta machache, omega-3 (yale mafuta mazuri kwa moyo) inazidi, vitamini E inazidi, na hiyo karotini. Lakini omega-3 hiyo ni kidogo toka mwanzo hata ikizidi mara mbili bado ni kidogo, nenda soko la samaki Feri kachukue dagaa au vibua wanaizidi mara kumi na zaidi na hela inabaki. Kuhusu presha mzee aanze na chumvi, kipande kiwe kidogo, na nundu aachane nayo hata kama ni ya ng'ombe wa majani.

Kijani_Ubungo:
Mbona mazingira mnayaruka?? Ng'ombe wa majani anategemea mvua na jua, hamna mbolea ya viwandani hamna trekta hamna soya. Wa nafaka unalima kwanza shamba zima la mahindi ndo uje umlishe ng'ombe, watu je?

bwana_mifugo:
Hapo ndo penye utata ndugu yangu. Ng'ombe akicheua, vijidudu tumboni vinachachusha majani vinatoa methani na nyingi anaibeua kwa mdomo, na tani moja ya methani kwa miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya tani ya kaboni dayoksaidi. Majani makavu yenye nyuzinyuzi yanatoa methani nyingi kuliko nafaka, halafu wa nafaka anachinjwa na mwaka mmoja na nusu hivi wakati zebu wetu anafika miaka minne mitano na zaidi, kiangazi anakonda masika ananenepa tena, na muda wote huo anabeua tu. Ukigawa kwa kilo ya nyama wa majani ndo anatoka na gesi nyingi, wengi hawapendi kusikia hili. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, 2013 walipiga hesabu mifugo yote ikawa 14.5% ya gesijoto zinazosababishwa na binadamu, na ng'ombe ndo karibu theluthi mbili ya hizo. Udongo wa malisho unahifadhi kaboni sawa, ila kuna mahali unashiba, na ukikanyagwa kupita kiasi unaiachia.

Kijani_Ubungo:
Hesabu ya kilo inamuonea Mgogo. Ng'ombe wake analima, anakamuliwa, anatoa samadi, ni benki ya ada za watoto, na anakula pale ambapo mahindi yanakauka. Methani yote mnaitwika steki peke yake? Hata zile lita 15,000 za maji kwa kilo ya nyama mnazopenda kuzitaja, zaidi ya 90% ni mvua ambayo ingenyesha tu.

bwana_mifugo:
Hilo la maji nakubali. Ila mifugo ikizidi eneo haina cha majani wala nafaka. 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, lile eneo oevu la Mbeya, kwa hoja ya kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu, japo mimi nasema mashamba ya mpunga nayo yalikuwa yanakunywa vilevile na lawama wakabeba wenye ng'ombe.

mama_kijichi:
Jamani mmefika mbali 😂 Masaki naiacha. Ila hii ya zebu ni ngumu, gesi inaniishia, nifanyeje?

Kisu_Kikali:
Ponda papai bichi paka nusu saa, usilaze nalo itakuwa uji. Na ya kukaanga omba sarara, ile nyama laini ya mgongoni, usikubali akuchanganyie na shingo.

mama_kijichi:
Sarara bei gani kwako?

Kisu_Kikali:
Njoo PM dada, humu watanisema.