Mrejesho: kupima mtazamaji anaangalia wapi kwenye uso unaosogea

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nitaachaje kuchora kwa mkono eneo la macho na la mdomo kwenye kila fremu ya video. Sekunde 60 kwa fremu 25 kila sekunde ni picha 1,500. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi.

Nimetumia MediaPipe, programu ya Google inayotambua uso kwenye video, kama mlivyonishauri. Inaweka alama 468 usoni. Naunganisha zinazozunguka macho na mdomo, kisha skripti (programu fupi) inaangalia nukta ya mtazamo, yaani pale kifaa cha kufuatilia macho kinapoonyesha mtazamaji anaangalia, imeangukia eneo lipi. Panueni mipaka ya maeneo hayo kidogo, maana kifaa hicho nacho hukosea. Msemaji akigeuka ubavu, alama za jicho la mbali huyumba, na fremu hizo bado nazikagua mwenyewe moja moja. Asanteni mno.